Vidonge vya Wageni

Kemi mwanangu,

Najua umeshaanza kucheka. Hapa Chonyonyo kila mtu hucheka akinisikia nakuita mwanangu, maana tumepishana miaka minne tu, na mwaka huu umenipita kimo. Lakini mama yako alikuwa dada yangu, na mtoto wa dada ni mtoto. Siku ya msiba wake mimi nilikuwa darasa la tatu na wewe hujaanza shule. Wanawake waliokuwa wakimenya ndizi nyuma ya nyumba waliniita, mmoja akakuweka mapajani mwangu akasema, "Haya, mama mdogo, mtoto wako huyu." Alisema kwa kunihurumia tu, kama watu wasemavyo msibani. Mimi nilichukua kama kazi niliyopewa na mwalimu, nikaenda nayo nyumbani, na mpaka leo sijaikabidhi.

Sasa hivi umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Bibi yako amejilaza. Mawingu yamefunga juu ya kibanja chetu cha migomba na kuku wameingia ndani mapema. Nimekaa mlangoni na daftari la fizikia magotini, naandika kurasa za nyuma ambazo sijazitumia. Kesho asubuhi unapanda gari kwenda Isingiro kuanza kidato cha kwanza, na barua hii nitaichomeka katikati ya mashuka yako, uikute utakapotandika kitanda chako cha bwenini kwa mara ya kwanza.

Sitakuandikia habari za sabuni, wala za kufunga sanduku kwa kufuli, wala za kusali kabla ya kulala. Bibi yako ameshayasema hayo yote tangu Jumapili, na mengine ameyasema kwa Kinyambo ili yakuingie vizuri zaidi. Mimi nataka kukuandikia habari za dawa za mafua na za kichwa. Usicheke tena. Nimejaribu kuanza na jambo jingine kubwa zaidi, kila nikianza narudi hapo hapo, kwa sababu ndipo nilipokukosea.

Unakumbuka yale mafua ya bibi yako. Ulikuwa darasa la tano. Ulikuwa msimu wa kuvuna kahawa, zile asubuhi za baridi na vumbi, naye alikuwa ameinama kwenye mibuni wiki nzima kama msichana anayetafuta mahari yake. Akaanza kupiga chafya. Kisha kichwa, kisha mgongo, kisha akalala mchana, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Nikatumwa duka la dawa, nikanunua paketi ya dawa ya mafua, nikampa kama muuzaji alivyoniambia. Mpaka hapo hapakuwa na kosa.

Halafu wageni wakaanza kuja.

Unajua jinsi bibi yako anavyompokea mgeni. Kile kikapu kidogo cha akamwani, zile kahawa zilizochemshwa na kukaushwa pamoja na maganda yake, hakitoki kwenye meza. Mgeni akikaa, bibi anachukua punje moja anaitafuna kwanza, mgeni aone kwamba hakuna ubaya ndani yake, ndipo anamkaribisha. Mgeni naye anachukua kwa mikono miwili na kutafuna pale pale. Nilipokuwa mdogo niliwahi kumuuliza kwa nini mtu asiiweke mfukoni akaitafune njiani. Alinijibu, "Ukiweka mfukoni nilichokupa, umeniambia kwamba unaniogopa."

Na sheria hiyo ya kahawa aliipeleka kwenye vidonge.

Wa kwanza alikuwa Mzee Rwegasira, mwinjilisti wetu. Alikuja na vidonge vyeupe vya maumivu, vimebaki vichache kwenye karatasi yake ya kung'aa. Akasali, kisha akavitoa. Bibi yako akapokea kwa mikono miwili, akameza mbele yake, akamshukuru. Kisha akaja yule mama wa duka la jumla, mwenyeji wa Muleba, akiwa na dawa ya unga ya kuchanganya na maji ya moto, inanukia limau. Ikachanganywa, ikanywewa, akashukuriwa. Kila aliyekuja alikuja kwa upendo. Nataka uliweke hilo moyoni kabla hujasoma mbele. Hakuna hata mmoja aliyekuja na ubaya.

Mama Adventina, rafiki wa bibi yako tangu usichana, alifika wakati maji ya ile dawa ya unga bado ni ya moto kikombeni. Unamjua anavyoingia, sauti inatangulia mwili.

"Wewe mwanamke! Unaumwa peke yako kimya kimya kama mchawi? Umeshindwa hata kunitumia mtoto?"

"Mafua tu haya," bibi yako akasema. "Na mgongo. Kahawa zimenimaliza mgongo."

"Mgongo upi? Ule uliouacha kwenye ngoma mwaka tulioolewa?"

Wakacheka mpaka bibi yako akakohoa. Mama Adventina akafungua fundo la kanga yake, akatoa vidonge vile vya rangi mbili, nusu nyekundu nusu manjano. "Hivi ndivyo vilivyoniamsha mimi juzi. Kunywa nikuone."

Na wewe, uliyekuwa umekaa karibu yangu kwenye mkeka, ukasema kwa sauti ile ile unayoitumia kwenye kwaya, "Bibi, si umeshakunywa za mwinjilisti sasa hivi? Na za limau!"

Watu wote wakakugeukia. Mimi nikapeleka mkono chini ya kanga nikakufinya paja. Nilikufinya kwa nguvu, Kemi. Sijui kama wewe unakumbuka jinsi ilivyouma. Mimi nakumbuka ngozi yako ilivyokuwa kati ya vidole vyangu.

"Eee, tumepata daktari," Mama Adventina akasema, na watu wakacheka, hewa ikarudi. Bibi yako akameza. Wewe hukucheka. Ulikuwa unaangalia vidole vyangu.

Sasa sikiliza jambo ambalo hulijui. Asubuhi ile, kwa kuwa mimi hata karatasi ya kufungia maandazi naisoma, nilikuwa nimesoma paketi yangu ya dawa ya mafua pande zote. Chini ya jina kubwa la rangi kulikuwa na maandishi madogo ya kilichomo ndani, na neno la kwanza lilikuwa parasetamo. Mzee Rwegasira alipoacha karatasi yake juu ya meza nikaisoma nayo. Parasetamo. Paketi ya dawa ya unga niliiokota kwenye takataka. Jina kubwa lingine kabisa, picha ya limau, na kwa maandishi madogo, parasetamo. Kwa hiyo uliposema vile, sikukufinya kwa sababu ulikuwa unakosea. Nilikufinya kwa sababu ulikuwa umesema jambo nililokuwa nalijua, nimekaa nalo kimya na chupa ya chai mkononi, nikingoja mtu mzima alitambue mwenyewe.

Siku iliyofuata bibi yako alijisikia nafuu. Hilo ndilo lililotudanganya. Kichwa kilikuwa kimeacha, alitaniana na wageni, akanywa rubisi kidogo, ile pombe ya ndizi, iliyopashwa moto kwa ajili ya kifua. Chakula hakukitaka. Wageni wengine wakaja na vya kwao, navyo vikamezwa. Kisha akaanza kutapika, na kushika ubavu wa kulia chini ya mbavu. Tukasema homa imehamia tumboni. Mtu akaleta kidonge cha tumbo. Asubuhi moja ulinivuta mkono, ukaninong'oneza, maana tangu ufinywe ulikuwa unanong'ona: "Macho ya bibi yana rangi ya ndizi mbivu." Nikaenda kuangalia. Yalikuwa hivyo.

Mzee Rwegasira ndiye aliyetafuta gari. Kule hospitali tabibu alituambia tulete kila kitu alichokunywa, hata makaratasi matupu. Nilirudi nikakusanya kila kitu ndani ya kanga, nikakimwaga mezani pake. Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Alipanga zile paketi moja baada ya nyingine kama anapanga karata.

"Unajua kusoma?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Soma hapa. Sasa hapa. Na hapa."

Nikasoma neno lile lile kila alipoweka kidole.

"Mama yako alikuwa anakunywa kitu kimoja kwa majina manne," akasema. "Dawa hii ni nzuri. Mimi mwenyewe nikiumwa kichwa naitumia. Lakini ina kipimo chake. Mtu mzima mwenye afya asipitishe vidonge vinane vya kawaida mchana na usiku wote, na kati ya dozi na dozi asubiri muda wa saa nne mpaka sita. Mtoto anapewa kwa umri na uzito wake. Hapa kila mgeni alimpa kipimo sahihi, kila mmoja. Ini lake ndilo lililowapokea wote." Akauliza kama alikuwa anakula. Hapana. Kama alikunywa pombe. Kidogo, ya kifua. Akaandika. "Na ukijua mtu amezidisha," akaniambia tukiwa tunatoka, "usingoje aumwe. Siku ya kwanza anaweza kucheka na kutembea huku ndani kunaharibika. Mlete siku hiyo hiyo."

Alipona, kama unavyomwona, ingawa ule mwili wake wa zamani haukurudi wote. Lakini kuna kitu kingine ambacho hakikupona, na wewe umeishi ndani yake bila mtu kukueleza.

Habari ilitoka hospitali ikiwa nzima ikafika Chonyonyo imevunjika. Tabibu alisema dawa za wageni zimejumlishana zikapita kipimo. Ilipofika njia panda ya kwenda kanisani watu walishakuwa wakisema kwamba sisi tumesema wageni walimpa sumu. Niliisikia mwenyewe bombani, kutoka kwa msichana tuliyesoma naye, aliyenyamaza aliponiona. Ningeweza kuweka ndoo chini. Ningeweza kupita nyumba kwa nyumba, nyumba zenyewe si nyingi, nikasema, "Jamani, hakuna aliyemdhuru mama, ni neno moja limeandikwa kwenye paketi nne." Nilijaza ndoo, nikarudi nyumbani nikafungua kitabu.

Ndiyo maana hawaji. Si kwamba watu wamekuwa na shughuli, kama ninavyomwambia bibi yako. Mama Adventina alianza kupita njia ya chini, ile ya kwenye mabonde, ambayo ni ndefu na ina tope. Mzee Rwegasira anakuja kwa kazi yake ya uinjilisti, anasali, hakai. Na bibi yako bado anakausha akamwani kila msimu, anajaza kile kikapu, anakipangusa vumbi. Jioni akiwa jikoni anauliza, "Hakuna aliyepita?" Wewe unamjibu haraka kwamba amepita fulani na fulani barabarani, wamekusalimia. Nimekusikia mara nyingi. Wengine unaowataja siku hiyo walikuwa Kayanga sokoni. Ni uongo wa huruma nami sijakukataza, lakini kuanzia kesho swali hilo litakuja kwangu, na mimi sijui kudanganya vizuri kama wewe.

Nimefika mbali na dawa. Nirudi.

Usidhani yale ya hospitali yalinifanya mjanja mara moja. Mwaka jana, kwenye mtihani wa majaribio, nilikuwa na mafua, nikanywa kidonge cha mafua kabla ya kuingia. Niliangalia parasetamo tu, nikaona nimehesabu vizuri, nikajisifu. Sikusoma mstari wa chini uliosema kwamba dawa inaleta usingizi. Nililala juu ya swali la pili la jiografia. Msimamizi alinigonga bega kwa rula, darasa zima likageuka. Unajua mimi nikiangaliwa na watu watatu tu nasahau jina langu. Kwa hiyo soma mpaka chini. Watengeneza dawa wanaweka ahadi juu na maonyo chini, tena kwa herufi za wadudu.

Na lile kopo la majani ya chai lililo juu ya kabati, ambalo tulikuwa tunatupia kila kidonge kilichobaki, umeniuliza liko wapi. Nilipeleka vilivyokuwamo duka la dawa wavitupe. Kidonge kikishavuliwa paketi yake hakina jina tena, wala hakisemi kimeisha muda lini. Vyeupe vyote vinafanana. Tulikuwa tunachovya mkono humo kama watu wanaotafuta kifungo cha shati.

Sasa leo asubuhi.

Uliamka na mafua. Nilikupa kidonge kimoja cha dawa ya mafua baada ya uji, tukasoma wote paketi, ukanitania kwamba nasoma kama mwanasheria. Saa moja haikupita, mlangoni kikaingia kivuli, na sauti ile ikatangulia, ingawa leo ilikuwa ndogo.

"Hodi humu. Nimesikia mtoto anaondoka."

Bibi yako alisimama haraka mpaka nikaogopa ataanguka. Mama Adventina alikuwa amesimama kizingitini, hajaingia wala hajabaki nje. Tukampa shikamoo. Bibi yako alichukua kikapu, akatafuna punje, akakisogeza. Mama Adventina akachukua moja, akatafuna. Hakuna aliyesema neno juu ya miaka hii miwili. Nilisikia zile punje zikivunjika menoni mwao wawili.

Kisha ukapiga chafya.

"Pole, mjukuu wangu! Utasafiri hivyo?" Akafungua fundo la kanga. Nilijua anatoa nini kabla hajatoa. Vidonge viwili vyeupe ndani ya kipande cha karatasi ya daftari, bila paketi. "Kimoja sasa, kimoja kesho ukiwa njiani. Kunywa nikuone."

Ulipokea kwa mikono miwili. Halafu hukumwangalia yeye, wala bibi, wala uso wangu. Uliangalia vidole vyangu.

Vidole vyangu havikufanya kitu. Mdomo wangu nao haukufanya kitu. Ukameza.

Alipoondoka nilikufuata nyuma ya nyumba nikakuuliza kwa nini. Ulikuwa unaosha vikombe, hukugeuka. Ulisema, "Ulitaka aondoke tena?"

Nilichukua kile kidonge kilichobaki kwenye karatasi, nikaenda duka la dawa mbio. Muuzaji akakigeuza geuza. Akasema kinaelekea kuwa parasetamo, na kama ndicho, kwa kimo chako na kile ulichokunywa asubuhi hakuna hatari, usipewe kingine mpaka jioni. "Lakini bila paketi siwezi kukuapia," akasema. "Muulize aliyempa."

Muulize aliyempa. Kemi, nimefanya mitihani ya taifa na sikuwahi kuogopa vile. Nilifika kwa Mama Adventina, nikapita. Nilifika kwenye mgomba wa mwisho wa shamba lake, nikageuka, nikapita tena. Mara ya tatu alikuwa amesimama uani na ungo mkononi.

"Unahesabu migomba yangu?"

"Shikamoo, Mama Adventina."

"Marahaba. Uliniamkia asubuhi. Sema kilichokuleta."

Nilikuwa nimepanga maneno njiani, sentensi nzima zenye adabu. Yote yakatoka. Nilimnyooshea tu ile karatasi. "Hiki ni dawa gani? Kemi alikuwa ameshakunywa ya mafua. Naomba kuona paketi."

Aliitazama karatasi, hakuipokea. Nikajua sasa amerudi njia ya chini milele.

"Kwa hiyo bado mnasema," akasema. "Bado mnasema mimi ni mtu wa sumu."

"Hatukusema hivyo. Hatukusema kamwe." Na hapo, mwanangu, nikaanza kulia, na nikilia huwa naweza kusema, sijui kwa nini. Nikamwambia yote akiwa ameshika ungo. Paketi nne, neno moja, vidole vya tabibu, ndoo ya bombani. Kwamba dawa yake yeye ilikuwa sawa, na ya Mzee Rwegasira ilikuwa sawa, na kwamba mimi nilikuwa nimesoma tangu asubuhi ile nikakaa kimya, na wewe uliposema nikakufinya.

"Ulikuwa umesoma?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

"Mimi?" Akaweka ungo chini. "Mimi niliyekuogesha? Niliyekutoa funza wewe miguuni?" Kisha akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Miaka miwili napita kwenye tope. Nilikuwa nikifika pale bondeni nasikia mama yako anakohoa, nasimama, naendelea."

Aliingia ndani akatoka na paketi. Hasomi herufi ndogo bila miwani, kwa hiyo nilimsomea. Ilikuwa parasetamo. Nilimsomea na kipimo, na umri, na kwamba mwenye ugonjwa wa ini aulize kwanza. Akaniuliza ya rangi mbili ilikuwa na nini, nikamwambia. Akashika shavu. "Basi tulimrundikia," akasema. "Wote kwa pendo letu."

Nilipoaga hakuniambia kwamba atakuja. Aliokota ungo wake tu. Sijui kama atakuja. Nimerudi nikakipangusa kikapu nikakiacha mezani, na tangu hapo kila mbwa akibweka nainua kichwa kwenye daftari hili.

Nimekuandikia yote haya kwa sababu ya bweni. Sijawahi kulala bwenini, lakini rafiki zangu waliosoma huko wananisimulia. Wasichana wanagawana vidonge kama wanavyogawana karanga. Mmoja akiumwa tumbo la mwezi, kila kitanda kinatoa cha kwake, na anayekataa anaitwa anaringa. Wengine wanameza vile vikali vya maumivu bila kula kitu, tumbo linawaka zaidi ya mwanzo. Na utakuwa mgeni, utakuwa mpweke, utatamani sana kupendwa. Mtu atakunyooshea kidonge kwa upendo wa kweli, nawe utaangalia pembeni kutafuta vidole vyangu, uone kama unaruhusiwa kusema.

Sitakudanganya kwamba ukisema watakupenda. Sisi tulinyamaza tukaachwa peke yetu, na inawezekana ukasema nawe ukaachwa. Sijui njia ya kusema ambayo haina gharama. Ninachojua ni hiki nilichokipata leo uani kwa Mama Adventina: mtu anayekupa dawa kwa upendo anaweza kuulizwa paketi, na akiudhika, ataudhika kwa jambo la kweli. Ile miaka miwili aliudhika kwa jambo ambalo hatukuwahi kulisema.

Pokea kwa mikono miwili, kama bibi yako alivyokufundisha. Shukuru. Halafu uliza ni nini, na useme ulichokwisha kunywa. Hakuna mkono wa mtu yeyote unaolazimu mdomo wako. Ukiumwa sana, au siku zikipita hupati nafuu, nenda kwa matroni, na umwambie kila kitu ulichomeza hata kama ni cha kuazima. Mimi nami jioni nitampokea bibi yako swali lake, na nikiwa sina wa kumtaja nitamwambia kweli kwamba hakuna aliyepita, kisha nitakaa naye jikoni.

Ulivyosema siku ile, mbele ya wakubwa wote, ulisema sawa. Ulikuwa na miaka kumi na moja na ulikuwa mtu pekee katika nyumba ile aliyesema sawa. Nilipaswa kukuambia hivyo usiku ule ule. Nakuambia sasa.

Nasikia sauti yako barabarani, unaimba ile sehemu ya alto ambayo huwa unaikosea. Naacha. Kesho ukiwa unaingia garini, usiangalie vidole vyangu. Mikono yangu yote miwili itakuwa imeshika sanduku lako.

Mama yako mdogo,
Kobusinge